Kambi Zilizohama

Loveness alimpigia mama yake Uru akiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Mama, Sifael yuko Machame, kambi ya chini kabisa. Gari limeshatumwa getini. Jioni atakuwa hapo kwako."

Mama akashusha pumzi. Tangu aliposikia kwamba mwanawe anakohoa povu huko mlimani, alikuwa hajakaa chini. "Basi nabandika mtori wa ndizi na nyama," akasema. "Mtu wa mlimani hashibi maneno."

Ofisi ya kupandisha watalii ilikuwa mtaa wa Soweto mjini, na programu ya kompyuta iliyoonyesha nani yuko kambi gani aliiandika Loveness mwenyewe. Habari ikija kwa redio ya upepo, karani anabofya kisanduku, orodha ya kambi inashuka, anachagua moja, kazi imekwisha. Karani wa zamu ya usiku aliipokea habari ya Sifael alfajiri, akachagua kambi, akaenda kwake Majengo kulala na simu akaizima. Redio iliyoleta habari hiyo nayo ikanyamaza, betri zimekufa kwa baridi. Sifael alikuwa mpagazi wa kupelekea vyakula makundi yaliyopungukiwa, leo juu kesho chini, kwa hiyo alipo palijulikana kwa kompyuta tu.

Asubuhi hiyohiyo Loveness alikuwa ameirekebisha ile orodha. Mwenye ofisi, Meku Stanley, alikuwa amemchosha. Hakutaka kambi zipangwe kwa alfabeti. Alitaka zipangwe kama mtu anavyozipanda, kuanzia getini kwenda juu, maana mlima haujui a-be-che-de. Na mzee akishika neno haliachi. Loveness akazipanga upya: Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu. Kisha akamtafuta kaka yake kwenye kioo cha kompyuta, akasoma Machame, akamshukuru Mungu. Meku naye akasoma, akawaambia vijana wa machela waliokuwa tayari kule Karanga wapumzike.

Mchana Meku alivaa miwani, akainama kwenye kompyuta. "Huyu kiongozi Elifuraha amekuwa ndege? Ameingia getini leo na wageni wake. Hapa inasema analala Karanga. Nimepanda mlima huu ujana wangu wote, sijaona mtu na wageni wake akilala Karanga siku ya kwanza."

Loveness alianza kucheka. Kicheko kikakatika katikati.

Programu yake haikuwa inatunza jina la kambi. Ilitunza nafasi yake kwenye orodha: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa amehamisha majina, namba zikabaki zimekaa palepale. Ya nne kwa alfabeti ilikuwa Machame. Leo ya nne ni Karanga. Elifuraha, aliyeandikwa kabla orodha haijaguswa, hakuruka popote.

Hakutaka kuhesabu namba ya Sifael. Akahesabu. Machame leo ni ya kwanza. Ya kwanza kwa alfabeti ilikuwa Barafu, kambi ya juu kuliko zote, ambako mwenye povu kifuani hapaswi kulala hata kidogo. Na machela ilikuwa imezuiwa kwa kosa la orodha yake.

"Meku." Akamgeukia. "Nimekosea. Sifael hajashuka. Yuko Barafu."

Mzee alimtazama mara moja tu, akachukua redio, akawaamuru wale vijana wapande na oksijeni, wasisubiri chochote. Hakumgombeza. Loveness aliona heri angegombezwa.

Akawaita kwa redio makundi mengine yote, moja baada ya jingine, akiuliza mko wapi, akirekebisha. Wingu lilikuwa limeufunika mlima wote. Simu ikalia.

"Ameshafika getini?" mama aliuliza. "Mtori umeiva."

"Bado, mama."

"Haya, mtori nyama ziko chini. Asije mbiombio." Mama alikuwa anacheka. Loveness alikata simu akiogopa kulia.

Giza lilipoanza kuingia, redio ilikoroma. "Tumekutana nao chini kidogo ya Barafu. Wenzake walisubiri machela mpaka wakachoka, wakaanza kumbeba mgongoni."

"Anapumua?" Meku aliuliza.

Loveness akasogeza sikio kwenye redio.

"Anapumua. Tumemwekea oksijeni. Ila hasemi, na njia ya kushuka bado ni ndefu."

Meku alimsogezea Loveness simu. Akapiga. "Mama, Sifael bado yuko juu. Hakuwa Machame. Ndiyo kwanza wamempata, wanamshusha, yu hai."

Mama hakulia. Akauliza polepole, "Nani alisema yuko Machame?"

Kompyuta ilikuwa mbele ya Loveness, na ingekuwa rahisi kuisingizia.

"Ni mimi, mama."

Kutoka Uru Loveness alisikia kuni zikisogezwa jikoni. "Basi usiinuke hapo kwenye redio mpaka afike," mama akasema. "Na mtori siuepui."