Kondo la Mjukuu Wangu

Mimi nina mdomo. Sisemi kwa kujisifu. Ndiyo sababu wateja wangu wa chicha, pombe yetu ya mahindi, hapa Quillacollo hunywa haraka na kulipa bila kubishana. Kwa hiyo binti yangu Maritza alipoambiwa, tumbo likiwa kubwa, kwamba damu yake ina vimelea vya Chagas, vile vinavyoletwa na vinchuka, mdudu wa kwenye nyufa za kuta za udongo, na kwamba huenda mtoto akazaliwa navyo, sikuhitaji daktari anitajie mkosaji.

"Ni wewe!" nikamwambia mkwe wangu Eliseo mbele ya wateja. "Umemlaza binti yangu kwenye kile kibanda cha mama yako huko Chaco. Ukoo mzima mnafuga wadudu!"

"Mama, kwetu kuta tulishazipiga plasta," akajibu taratibu. Utaratibu wake huo ndio unaonichoma roho.

"Plasta! Umemsikia, Maritza? Mtu anajitetea kwa plasta!"

Mtoto akazaliwa, msichana, tukamwita Illari. Hospitali wakanipa kondo la nyuma kwenye mfuko, maana kwetu kondo haliachwi ugenini. Linaoshwa hadi maji yatoke meupe, linawekewa maua, linazikwa nyumbani, la sivyo mama wa mtoto ataugua. Mimi na subira hatujawahi kufahamiana, basi nikaanza kuliosha palepale, kwenye bomba la uani la hospitali. Mara nikamwona Daktari Ximena, yule anayechunguza vimelea maabara, anakuja mbio.

"Mama Primitiva, tafadhali! Nahitaji kipande kidogo tu."

"Umechelewa, mwanangu. Damu yote imekwenda na maji."

"Sitaki damu. Vimelea vingine hujificha ndani ya nyama yenyewe, na huenda vikawa aina tofauti kabisa na vilivyo kwenye damu. Nikisoma vinasaba vyake nitajua vinafanana na vya wapi."

Hapo nikatega masikio. "Yaani utajua kama ni vya Chaco?"

"Vya kwenye damu ya Maritza nimeshavisoma. Hivyo vinafanana na vya Chaco."

Jamani! Nusura nicheze na beseni mkononi. Kondo ambalo sikumruhusu hata nesi kulishika, nikamsukumia mwenyewe, Mama Ardhi anisamehe. "Kata, mwanangu, kata kubwa! Na damu yangu chukua pia, uwe na mfano wa mtu msafi."

Damu akachukua. Kilichobaki tukakizika uani, Eliseo akichimba, mimi nimesimama juu yake nikimpa salamu za Chaco.

"Chimba, baba, chimba. Labda utakutana na jamaa zako humo."

Akachimba tu. Maritza akaniambia, "Mama, pumzika basi, hata mdomo huchoka." Wangu, ng'o.

Wiki chache baadaye daktari akatuita sote. Mtoto anavyo vimelea, akasema. Nikakaa kwenye kiti ambacho hata hakikuwa changu. Nilimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote, na sikuwa na wa kumfokea ili avitoe.

"Lakini tumewahi," daktari akaendelea. "Akianza dawa sasa, karibu watoto wote wa umri wake hupona. Kuna jingine. Vimelea vya mtoto si vile vya Chaco. Ni vile nilivyovikuta kwenye kondo."

"Vya nani, basi?" Nilikuwa nimeshainua kidole, nangoja jina tu.

"Vinafanana na vya kwenye damu yako, Mama Primitiva. Inaelekea ulimzaa Maritza navyo. Vya Chaco vilimpata ukubwani."

"Mimi siumwi!"

"Wengi hawaumwi, mpaka moyo unapoanza kuchoka."

Kidole kikabaki hewani, sijui nikipeleke wapi. Mimi mtu msafi nilizaliwa Mizque kwenye nyumba ya udongo, na tulipokuwa watoto tulishindana kuponda vinchuka ukutani kwa visigino. Nikamtazama Eliseo. Zamu yake imefika, nikajua. Ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshapanda juu ya meza.

"Mama, nishikie mtoto," akasema, "nimuulize daktari hiyo dawa inasagwa vipi."

Angenitukana ningepona. Nikalia hadi nguo za mtoto zikalowa.

Illari amepona, nakwambia mapema usije ukakosa usingizi. Eliseo alisaga vidonge, mimi nikamshika mtoto kichwa, naye akanitemea usoni kila siku kama anayenijua vizuri. Sasa anatembea na vipimo vyake ni safi.

Ila jioni ile hatukuwa tunalijua hilo. Nilichokijua ni kwamba nimezaa watoto watano na aliyepimwa ni mmoja. Nikachukua simu, nikaanza na Gualberto, kifungua mimba wangu, anayeendesha lori huko Oruro. Nilikuwa naogopa hata kumsalimia.

Alipokea akicheka. "Haya Mama, leo nani tena amekukosea?"

"Hakuna, mwanangu," nikasema. "Simamisha lori kwanza. Leo ni mimi."