Kichekesho Baada ya Maziko

"Mwenye nyumba! Wee mwenye nyumba! Kodi unaikumbuka, paa umelisahau?"

Sauti hiyo ilimfikia Shimba akiwa na misumari mdomoni. Ilitoka chini, upande wa pili wa ua wa michongoma, katika nyumba ambayo hakuwa na kazi nayo. Yeye alikuwa juu ya kenchi za nyumba ya mwalimu mmoja wa Kiseke, akipigilia bati, jua la mchana limemkalia mgongoni. Nyundo ilibaki hewani.

"Waitu! Jamani, hata wadudu wa ziwa wamehamia humu ndani. Nao uwadai kodi basi!"

Kikafuata kicheko cha watu wengi, cha mbali. Halafu juu yake kikaja kicheko kingine cha karibu, cha watu wachache, kama walio ndani ya nyumba wanawaitikia wale wa mbali.

Shimba aliitema misumari. Mwenye sauti ile alimjua. Alikuwa Josepha, mke wake, na Josepha alikuwa na miaka minne kaburini.

Hakuogopa. Alichokisikia kifuani kilikuwa wivu. Kumbe yupo mahali, anaongea, anachekesha watu, na watu hao si yeye! Kwa muda mrefu alikuwa akiitafuta sauti hiyo kichwani na kuikosa. Uso wa mkewe alikuwa nao, kwenye picha ya studio iliyotundikwa ukutani. Hata mwendo wake aliukumbuka, ule wa kutanguliza bega. Lakini sauti ilikuwa imemtoka kidogo kidogo bila kuaga. Maneno ya Josepha aliyajua yote, ila kila alipoyarudia moyoni yalitoka kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya mwanamume. Usiku mwingine aliamka akiwa amekasirika, asijue amkasirikie nani.

Aliteremka ngazi akiruka vipago, akazunguka ua, akapiga hodi huku tayari ameingia.

Sebuleni kulikuwa na televisheni juu ya kabati, deki chini yake, na familia imejaa kwenye makochi na mikekani. Kwenye kioo kulikuwa na kijana mwenye kitambi cha pamba kilichofungwa kwa mkanda, anatetemesha kidole. Yule kijana alikuwa yeye. Na aliyesimama mbele ya yule kijana, mikono kiunoni, kitambaa cha njano kichwani, alikuwa Josepha.

Msichana mmoja aligeuka, akamtazama Shimba, akatazama kioo, akamtazama tena.

"Mama! Mwenye nyumba kaja!"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Shimba hakucheka. Alisimama mlangoni na nyundo mkononi, akasikiliza mpaka picha ikakatika na chenga nyeupe kama mchanga zikajaa kiooni.

"Shikamoo, mama," alisema hatimaye.

"Marahaba, baba. Weka chini hiyo nyundo, unatutisha," alisema mama mwenye nyumba. Jina lake lilikuwa Ng'washi, mjane wa mzee Masalu aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. "Na kitambi umekiacha wapi?"

Sasa, ili jambo hili lieleweke, lazima turudi nyuma kidogo, kwenye mwaka tisini na nne.

Mwaka ule habari zilitoka Dar es Salaam kwamba televisheni za watu binafsi zimeanza, na kwamba zitafika Mwanza. Kila mtu alikuwa anafungua kitu: duka, baa, mashine ya kusaga. Alexander Lwakatare, kijana wa Kihaya aliyerekodi harusi za watu mjini, alimwambia Shimba, "Wenzetu watanunua vichekesho kama watu wanavyonunua dagaa. Mwenye mzigo tayari ndiye atakayeuza." Shimba wakati huo alikuwa seremala anayetunga maigizo ya kanisani na kujiona hana mpinzani kanda yote ya ziwa. Alitunga kichekesho cha mwenye nyumba wa Kisukuma na mpangaji wake wa Kihaya, mwanamke mwenye mdomo, wanaogombana kila wiki. Wangetengeneza sehemu ya kwanza tu, wakubwa wa Dar waionje, halafu zitafuata nyingine. Mpangaji akawa Josepha, kwa sababu nyumbani alikuwa hivyo hivyo.

Ilikuwa shughuli ya mikosi. Walipiga picha kwenye ghala la pamba la ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi walipoingia. Mgao wa umeme uliwakata katikati ya maneno. Jirani aliyekuja na mbuzi wake alikataa kumwacha nje, na mbuzi akala kitabu cha kodi cha kwenye mchezo. Waliwaalika watu wa mtaani waje wacheke, wakaja wengi, wakacheka mahali pa huzuni na kunyamaza mahali pa kucheka, mpaka Shimba akawatukana na nusu yao wakaondoka. Jioni ya mwisho taa zilipowaka, wale wadudu wadogo wa ziwa waliingia kama moshi, wakajaa kwenye taa, kwenye kamera, midomoni mwa watu. Alexander alitaka kusimamisha kazi. Josepha alimeza mmoja, akakohoa, akamgeukia mumewe na kusema yale maneno ya kuwadai kodi. Hayakuwemo kwenye mchezo. Shimba mwenyewe alisahau zamu yake kwa kucheka.

Ugomvi mkubwa ukaja mwishoni, wakati wa kukipa kichekesho jina. Shimba alitaka liwe la mwenye nyumba. Alexander alitaka liwe la mpangaji.

"Msukuma ndiye aliyejenga!" Shimba alifoka.

"Na Mhaya ndiye anayelipa!" Alexander akajibu.

Hakuna aliyekubali kushuka. Josepha aliwaambia waandike lolote, hakuna aliyemsikiliza. Basi kanda ikabaki haina jina, nyeupe ubavuni, ndani ya mfuko pamoja na kanda nyingine mpya ambazo nazo hazikuandikwa kitu. Asubuhi ya Jumapili gari lilikuja kumchukua Alexander haraka akarekodi maziko. Alitia mkono mfukoni, akatoka na kanda. Aliporudi na kugundua kwamba amerekodi maziko juu ya kichekesho, alikuja kwa Shimba analia. Shimba alibeba stendi ya kamera ya mwenzake mpaka kwenye mawe ya ufukweni, akaitupa ziwani. Hawakusemezana tena.

Josepha alicheka tu. "Tutatengeneza nyingine," alisema. "Mdomo wangu si bado ninao?" Mwaka uliofuata alikwenda kwao Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, kujifungua, na huko homa ikamchukua pamoja na mtoto. Habari zilipomfikia Shimba, meli ya siku ile ilikuwa imeshang'oa nanga. Alipofika, walikuwa wameshazika. Alionyeshwa kifusi na maua, akaambiwa pole.

Kwa hiyo unaweza kufikiria alivyomwambia mama Ng'washi mchana ule wa Kiseke, watoto walipokwisha kutawanyika uani.

"Mama, naomba hicho kipande changu. Nikakitoe nakala, nikurudishie leo leo."

"Kanda hii haitoki," alisema mama. "Ilitoka mara moja, shemeji yangu akaipeleka mjini, ikaliwa na mashine. Uso wa baba yao sasa una mstari."

"Mimi sitaki maziko. Nataka kile cha mwisho tu."

Mama Ng'washi alimtazama. "Cha mwisho tu? Na mume wangu ni nini, ganda la kumenya?"

"Nimekitunga mimi! Yule ni mke wangu!"

"Na yule aliyelala kwenye jeneza ni wa nani?" Mama hakupandisha sauti. "Sikiliza, baba. Kila mwaka siku kama ya leo tunakaa hapa, tunamzika. Watoto wanalia, na mimi nalia. Betri ya mpiga picha ikazimika kabla ya hotuba, na hapo hapo anatokea mke wako, anatufokea. Mwaka wa kwanza tuliogopa. Wa pili tukacheka. Masalu alikuwa mtu wa mizaha. Nikasema, huyu katuachia mtu wa kutufuta machozi. Ukitaka kumwona, karibu mwakani."

Shimba alitoka bila kuaga. Siku zilizofuata alipigilia bati za mwalimu kwa hasira mpaka mwalimu akamwuliza kama ana ugomvi na nyumba yake. Upande wa pili wa ua palikuwa kimya. Na lililomtia hofu ni hili: ile sauti, aliyoisikia juzi tu, ilikuwa imeanza tena kufifia.

Ijumaa alifunga vyombo mapema, akapanda baiskeli kwenda Buzuruga. Nyuma ya stendi ya mabasi palikuwa na banda la kukodisha kanda, na ndani yake Alexander, amenenepa, amevaa miwani.

"Ngosha! Msukuma!" Alexander alisimama nyuma ya meza kama mtu anayejikinga. "Stendi yangu umeileta?"

"Iko ziwani, nshomile. Kaivue, elimu unayo."

Wakatazamana. Midomo ya wote wawili ilitaka kucheka, ikajizuia.

"Josepha nimemsikia," alisema Shimba.

Alexander alivua miwani. "Usinifanyie hivyo."

"Kiseke. Nyuma ya maziko ya mzee Masalu. Ulipoishiwa betri, yeye yupo. Nusu nzima ya kichekesho ipo."

"Mimi nilijua nimefuta yote."

"Hukuangalia?"

"Niangalie kwa moyo gani? Niliwapa wenyewe kanda yao, nikaja kwako kulia, ukanitupia stendi majini." Alexander alikaa chini polepole. "Miaka yote hii napita pale Kiseke kwenda kwenye harusi za watu."

"Kanda haitoki ndani ya nyumba. Lakini deki inaweza kuingia. Unayo?"

"Ninayo."

"Basi beba. Na safari hii niandikie jina lolote unalotaka. La mpangaji, la mbuzi, lolote."

Walifika Jumapili baada ya misa, deki imefungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli. Mama Ng'washi aliwapokea kwa salamu fupi ya Kisukuma na viti viwili. Alexander aliunganisha nyaya, akatia kanda mpya kwenye deki yake, akamgeukia Shimba.

"Nianzie wapi?"

"Mzee Masalu mpeleke mbele. Anzia kwa Josepha."

Mama Ng'washi aliinuka, akaweka kiganja juu ya deki yake. Hakuwa na hasira. Kiganja kilikaa pale kama kinavyokaa kwenye kichwa cha mtoto mgonjwa.

"Umewahi kumwona?" alimwuliza Shimba.

"Nani?"

"Masalu. Siku ile uliingia tumeshamzika. Mtazame kwanza. Halafu uniambie wewe mwenyewe nani aachwe."

Shimba alirudi kitini. Alexander alibonyeza, na picha ikaja.

Jeneza lilikuwa wazi, na ule mstari ukapita juu ya uso wa mzee mmoja mwenye masharubu, aliyeonekana kama anazuia tabasamu. Walionekana wanawake wanamlilia, na mama Ng'washi mwenyewe, mwembamba kuliko sasa, ameshikwa makwapa. Msafara ulikwenda katikati ya majani ya mihogo. Padri alinyunyiza maji. Kamba zikashikwa na wanaume, jeneza likateremka likiyumba, mtu akasema "Taratibu, taratibu," kama wanashusha kitu kinachoweza kuumia. Kisha udongo. Lile donge la kwanza lilipogonga ubao, Shimba aliruka kitini.

Sauti ile hakuwahi kuisikia. Yeye alikuta kifusi na maua. Hakuna aliyesema "taratibu" mbele yake, hakushika kamba, hakutupa udongo. Miaka minne alikuwa amemzika Josepha kwa kusimuliwa. Alijikuta anainama, viganja machoni, na kilio kikamtoka kwa nguvu iliyowafanya watoto wa uani waje mlangoni. Mama Ng'washi aliwaashiria waondoke. Alexander alitazama sakafu. Makoleo yaliendelea kufanya kazi kwenye kioo, shimo likajaa, msalaba ukasimamishwa, mzungumzaji akafungua karatasi yake, na picha ikazimika.

Giza fupi.

"Haya, toka hapo mlangoni, unanizibia hewa! Mwenye nyumba! Wee mwenye nyumba!"

Shimba aliinua uso uliolowa. Josepha alikuwa pale, mikono kiunoni, anamsema. Akamsikiliza mpaka kwenye wadudu wa ziwa, na akacheka, na kicheko na kilio vikatoka pamoja visiachane. Mama Ng'washi naye alicheka, akijifuta kwa ncha ya kanga.

Kanda ilipofika kwenye mchanga mweupe, Alexander aliirudisha nyuma. Alimtazama Shimba tu.

"Tangu mwanzo," alisema Shimba. "Yote."

Mashine mbili zikaanza kuzunguka pamoja. Mama Ng'washi aliketi, lakini uso wake haukuwa umetulia.

"Hapa unasema hivyo, baba, kwa sababu mimi nipo," alisema. "Ukifika kwako, uko peke yako, umemkumbuka mkeo. Utampitisha mume wangu mbio kama mtu aliyekuzibia njia. Mtu akizikwa mbio mbio, amezikwa kweli?"

Shimba alitoka kwenye kiti, akapiga goti mbele ya mama yule kama anavyopiga goti mbele ya mama aliyemzaa.

"Mama, mbele ya Alexander hapa nakuahidi. Mzee Masalu simkati wala simpitishi mbio. Kila nitakapomtaka Josepha nitaanza kwa mumeo. Nitakaa naye kwenye jeneza, nitakaa naye kwenye kamba, nitakaa naye mpaka udongo wa mwisho. Nikishamzika vizuri, ndipo nitamsikiliza mke wangu."