Maji ya Baridi Getini

Nimefanya kazi za kila namna. Nimevunja mawe, nimekuwa utingo wa malori, nimepika kwenye kambi za wajenga reli, na kusoma nimesoma kwa vipande, darasa hapa, darasa kule, kila nilipompata mwalimu mwenye subira. Kote huko sikuwahi kuua mtu. Nilikaribia kuua mwaka ule wa ugonjwa, nikiwa nimekaa kwenye kiti, mlinzi wa geti la kiwanda cha kushona barakoa.

Serikali ilifunga kila kitu. Vinyozi walifungiwa, wauza mitumba wakafukuzwa barabarani kwa virungu. Kiwanda chetu hakikuguswa. Tuliambiwa kazi yetu ni ya lazima kwa taifa. Barakoa zenyewe zilipakiwa kwenye makontena zikaenda nje, na waliozishona walijifunga masalio ya kitambaa, wakayafua jioni, wakayavaa tena asubuhi. Ndani walikaa kiwiko kwa kiwiko, madirisha yamepigiliwa misumari ili vumbi lisichafue kitambaa cheupe. Kitambaa kililindwa vizuri sana.

Mimi nilipewa kibunduki cha kupima joto, na daftari. Elekeza kwenye paji la uso, soma namba, andika. Aliyezidi thelathini na nane arudi kwake, na siku hiyo halipwi. Wakubwa waliita hiyo afya ya jamii.

Wiki ya kwanza nilimrudisha mama mmoja tuliyemwita Redio, maana mdomo wake haukuwa na pa kuuzimia. Siku hiyo ulizimika. Alisimama nje ya geti akinitazama, kama anayesubiri niseme nilikuwa natania. Roho ikaniuma. Kesho yake nikamnong'oneza: "Pita bombani kwanza. Jimwagie maji usoni, uje paji likiwa bado la baridi."

Akapimwa, thelathini na sita. Sasa Redio ni Redio. Hata saa tatu haijafika, foleni nzima ilishajua. Tangu hapo bombani pakawa na msongamano kuliko getini, na daftari langu likawa safi kama shuka la hotelini. Kiwanda kikatundika bango: SIKU SABINI BILA MGONJWA. Mkubwa mmoja wa serikali akaja na wapiga picha, akamkabidhi tajiri cheti, akamsamehe kodi, akaliinua daftari langu juu na kusema nchi nzima ijifunze kwetu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mjinga mimi.

Siku ya sabini na moja akaja dada yangu mdogo, aliyekuwa upande wa kupiga pasi. Uso unachuruzika maji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Kibunduki kikasema thelathini na sita nukta nne. Nikamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono. Nikautoa haraka.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Shingo inaungua."

"Shingo haiandikwi kwenye daftari," akasema. "Nikirudi, wapwa zako watakula nini? Hadithi zako za malori?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Nami nikacheka. Nikaandika, nikampitisha.

Saa sita mchana walimtoa kwa mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka, wamembeba mabega na miguu. Msimamizi akanijia mbio.

"Mzee, futa jina lake. Leo hakuja."

"Kaja. Nimempitisha mwenyewe."

"Nisikilize, babu. Kama hakuja, kaugulia kwake. Kama alikuja, tunafungiwa, watu mia nne wanalala njaa. Ndicho unachotaka?"

Siku zote wale mia nne hakuwa anawaona. Leo ndiyo njaa yao imemuuma! Nikalitia daftari kwapani, nikaliacha geti wazi, nikamwita mwenye teksi, tukampakia dada.

Hospitalini vilikuwa vimebaki vitanda viwili vyenye oksijeni. Bima ya kiwanda ingemlaza, lakini kwa aliyeambukizwa kazini tu. Asiye na bima alipe kwanza, au akae kwenye benchi. Dada alikuwa kwenye benchi, anavuta pumzi kama anayepanda mlima, midomo imegeuka rangi ya majivu.

Nikamfungulia karani wa mapokezi daftari, kifua mbele. "Jina lake hili hapa. Alikuwa kazini."

Yule binti akasoma. Akafunua kurasa za nyuma, akasoma tena.

"Baba, jina nimeliona. Lakini umeandika mzima. Na hawa wote umeandika wazima. Siku sabini na moja hakuna hata mwenye homa ya mafua! Sasa huyu kaambukizwa na nani huko? Na cherehani?"

Mwandiko ulikuwa wangu. Kila namba ya uongo niliyoiandika kwa huruma ilikuwa imekaa pale inamkaba dada yangu koo.

"Daftari ni la uongo," nikasema. "Nipe karatasi."

"Baba, daftari hili lina cheti cha serikali. Ukiandika hivyo, wa kwanza kufungwa ni wewe."

"Nipe na kalamu, binti yangu. Anakata pumzi."

Nikaandika kwa herufi zangu kubwa za kuokoteza. Kwamba maji nimewafundisha mimi. Kwamba wenye homa wameingia kila siku na idadi yao siijui, wala tajiri hakutaka kuijua. Kwamba msimamizi kaniambia nifute jina. Nikatia sahihi. Karani akaisoma mara mbili, akautazama mlango wa bosi wake, kisha akagonga muhuri bila kwenda kumuuliza. Dada akasukumwa kitandani, akavalishwa mpira wa hewa.

Baada ya siku mbili polisi wakanichukua. Wakanikalisha mbele ya meza, watatu, wamevaa barakoa nzuri kuliko za wanawake waliozishona.

"Nani kakutuma? Chama gani? Unataka kuchafua jina la nchi?"

"Wale mia nne mmeshawapima?"

"Hilo halituhusu, mzee. Tumeuliza nani kakutuma."

"Nimetumwa na dada yangu," nikawajibu. "Bado anapumua. Kamuulizeni."