Jiwe Alilogusa Verla

Verla Hnatiuk alijulikana mji mzima, pale Saskatchewan nchini Kanada, kwa kusema kweli barafuni. Katika mchezo wa mawe, ambapo mmoja husukuma jiwe liteleze kwenye barafu hadi ndani ya duara na wenzake hulifagilia njia, hakuna refa wa kukufuata mgongoni. Ukiligusa jiwe linaloteleza, kwa ufagio au kwa kiatu, unajitaja mwenyewe na jiwe linaondolewa. Verla alijitaja hata pale ambapo hakuna aliyeona. Watu walimsifu, naye, tusifichane, sifa hizo alizipenda.

Ilipofika habari ya goti lake, ukweli ulimshinda.

Kano ya ndani ya goti ilikatika msimu wa mavuno, aliporuka kutoka kwenye trekta kama msichana. Daktari wa mifupa hakumtisha. Alimwambia njia ni mbili: kupasuliwa na kuwekewa kano nyingine, au kufanya mazoezi mpaka misuli ya paja ibebe kazi ile.

"Wapo wanaoishi vizuri tu bila hiyo kano," alisema. "Lakini goti likianza kukuachia, likalegea ghafla ukiwa umesimama, usijikaze. Litazidi kulika ndani. Rudi tupasue."

Verla alichagua mazoezi kabla daktari hajafunga mdomo. Mama yake aliwahi kuingia kupasuliwa nyongo, jambo dogo tu, akapewa dawa ya usingizi na hakuamka tena. Tangu siku hiyo, upasuaji ukitajwa, Verla hubadili mazungumzo.

Na mazoezi aliyafanya kweli, si mchezo. Anton Wiebe, mtaalamu wa viungo wa pale mjini, alimchuchumaza na kumsimamisha kwa mguu mmoja mpaka jasho likamtiririka. Mwishowe alimruhusu kurudi barafuni, kufagia tu, goti likiwa limefungwa mkanda.

"Halijakuachia, Bi Verla?" alimuuliza kila wiki.

"Thubutu!"

Kumbe lilikwisha kumwachia, kwenye ngazi za kushukia stoo ya chini ya nyumba, akiwa amebeba mtungi wa matango ya siki. Lorna, mdogo wake, alipokuta vigae na siki sakafuni, aliambiwa mtungi uliteleza.

Jumamosi ya fainali, timu ya dada hao wawili ilikutana na timu ya Anton. Lorna alisukuma jiwe la mwisho, Verla akalifagilia njia. Karibu na duara, goti likachomoka kidogo, likarudi. Alijishikiza kwa ufagio asianguke, na ncha ya kiatu chake ikaligusa jiwe. Jiwe likaenda kutua katikati kabisa. Lorna akapiga kelele za furaha.

Anton alimjia akicheka, mkono mbele. "Hongera, Bi Verla. Leo mmetunyoa bila maji."

Verla hakuupokea ule mkono. "Nimeligusa."

"Mbona ufagio ulikuwa mbali?"

"Kwa kiatu."

"Wewe? Imekuwaje?"

Neno "nimeteleza" lilikuwa tayari mdomoni, na juu ya barafu nani angelibishia? Alimtazama Lorna, aliyekuwa anakuja mbio.

"Goti limeniachia," alisema. "Na si mara ya kwanza. Ule mtungi, Lorna, haukuteleza."

Kombe likaenda kwa akina Anton. Baadaye wakakaa meza moja, kama kawaida, washindi wakiwanunulia bia walioshindwa. Anton hakumgombeza.

"Mazoezi umefanya yote," alisema. "Goti lako limekataa, basi. Na misuli uliyoijenga haipotei bure; ukipasuliwa utasimama upesi."

Anton alipoondoka, Lorna alikuwa akibandua karatasi ya chupa yake ya bia bila kumtazama dada yake. Verla akashindwa kuvumilia.

"Nitukane basi, yaishe. Nimekunyima kombe."

"Kombe lipotelee mbali! Umepanda ngazi na goti bovu, unanidanganya mimi, kwa nini?"

Verla aliizungusha glasi yake. Machozi yakamtoka, akayaacha. "Naogopa kulala, Lorna. Naogopa kulala kama mama."

Lorna alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Nitakaa mlangoni," alisema. "Siendi kula, siendi popote, mpaka watoke waniambie umefumbua macho. Na wakichelewa, dada, naingia na ufagio."

Verla alicheka huku analia. Kisha akaomba simu ya Lorna, akampigia daktari, akaacha ujumbe kwamba yuko tayari kupasuliwa.