Sauti ya Mlango wa Kushoto

Mwaka ule wa 1989 ungemuuliza Jerono anatamani nini duniani, asingekutajia nyumba ya mawe wala ng'ombe wa gredi. Angekwambia usingizi. Alikuwa mkunga katika hospitali moja ya Bungoma, na hata usingizi wa kitandani hakuuwazia sana. Angeridhika na ule wa kwenye kiti cha gari, kichwa kimeegemea kioo, kuanzia lango la hospitali mpaka shambani kwao Kiminini, karibu na Kitale, ambako mumewe alikuwa akimpeleka kila Ijumaa. Lakini hata huo usingizi kidogo, gari lilimnyima.

Lilikuwa gari la Kijapani, rangi ya chai ya maziwa. Kiplimo, mumewe, alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Eldoret mwaka ambao mahindi yalikubali, ili mke wake asisukumane stendi na watu baada ya kazi. Nalo lilikuwa na jambo ambalo gari jingine la Kiminini halikuwa nalo: liliongea. Mlango usipofungwa sawasawa, sauti ya mwanamke ilitoka ndani ya dashibodi, laini, yenye adabu, ikasema maneno ya Kijapani kisha ikanyamaza.

Mwanzoni ilikuwa sherehe. Ibada ikiisha, wazee wa kanisa walilizunguka gari, wakafungua mlango na kuurudisha nusu ili wamsikie, wakacheka mpaka machozi. Wakambatiza jina, Mama Japani. Mchungaji mwenyewe alisema huyo ni mwanamke mwenye heshima, kwa kuwa hakuwahi kupandisha sauti.

Ila swichi ya mlango wa kushoto, upande anaokaa Jerono, ilikuja ikalegea. Tairi likiingia shimoni, gari liliamini mlango umefunguka, na Mama Japani akaanza. Barabara ya kutoka Webuye kupanda Kitale haikuwa na upungufu wa mashimo.

"Baba Kimaiyo," Jerono alisema Ijumaa moja, macho yamefumba, "huyu mwanamke wako atanyamaza lini?"

"Si ni shimo tu."

"Shimo ziko mpaka nyumbani."

"Nitampeleka kwa Singh."

"Ulisema hivyo tukipanda. Sasa tunapalilia."

Kiplimo akapunguza mwendo. Alipisha trekta lililokokota trela ya miwa, akarudi barabarani, na tairi la nyuma likadunda. Mama Japani akasema neno lake. Jerono alifungua macho, akatazama mahindi ya watu yakipita, akajua lepe lile limekwenda. Tangu alfajiri alikuwa amesimama. Mama mmoja alikuwa amejifungua mapacha, wa pili amekuja miguu mbele. Jerono alitaka kulia, ila hata kulia kunataka nguvu.

Nyumbani nako hakukuwa mahali pa kupumzika. Mama yake Kiplimo, ambaye wote walimwita Kogo, alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia. Mchana alikuwapo mwanamke wa jirani wa kumlisha na kumwosha. Usiku alikuwa na Kiplimo. Jerono ndiye aliyemfundisha mumewe namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, leo ubavu huu, baada ya muda ubavu ule, usiku kucha, asije akatoka vidonda vya mgongo. Kila Jumamosi alimfunua Kogo na kumkagua kama anavyokagua wagonjwa wake wodini. Mgongo ulikuwa safi.

"Unafanya vizuri," humwambia mumewe, naye huitikia kwa kichwa na kwenda kukamua ng'ombe.

Jumamosi ile waliteremka Kitale mjini pamoja. Gurudumu moja lilikuwa likipoteza upepo, basi Kiplimo akaliacha gari kwenye karakana ya Joginder Singh na kwenda bohari ng'ambo ya barabara kuchukua mbolea. Jerono akabaki. Joginder alikuwa mzee mnene wa ndevu nyeupe, fundi wa magari ya shambani tangu enzi za walowezi, na alikuwa akizungumza polepole kama mtu anayekaza parafujo.

"Singh," Jerono alisema, "kabla hujafunga hiyo gurudumu, nitolee hii sauti. Leo leo."

"Ile inaongea?"

"Hiyo hiyo."

Joginder alinyoosha mgongo. "Lakini bwana yako alikataa."

"Alikataa nini?"

"Mama, mimi nilifungua hapa zamani." Aliinama, akagonga chini ya dashibodi. "Iko kasanduku kadogo, ndani iko kasahani kama ya gramafoni. Nikamwambia, nachomoa waya moja, imekwisha. Akasema funga, wacha hivyo. Nikasema basi natengeneza swichi ya mlango, isipige kelele bure. Akasema hiyo pia wacha."

"Kwa nini?"

Joginder alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja. Ilionekana angependa kuwa kwingine. "Muulize yeye. Mimi ni fundi tu."

"Nakuuliza wewe."

"Alisema hiyo ndio inamwamsha."

Jerono aligeuka kutazama ng'ambo. Kiplimo alikuwa kwenye foleni ya bohari, ameegemeza bega kwenye nguzo. Foleni ilisogea, yeye hakusogea. Mtu wa nyuma yake alimgusa mgongoni, naye akashtuka, akatazama huku na huku, akapiga hatua. Jerono aliwaona wagonjwa kila siku; macho yake yalizoea kumsoma mtu kabla hajasema kinachomuuma. Sasa akamwona mumewe kana kwamba ameletwa wodini na wageni. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shati lilimning'inia. Tangu lini?

"Rudisha gurudumu," akamwambia Joginder. "Hayo mengine wacha."

Walitoka mjini, wakaziacha nyumba za mwisho. Kisha Jerono akasema, "Simamisha gari."

"Kuna nini?"

"Simamisha."

Kiplimo akaliweka kando, chini ya mikaratusi. Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu mpaka magotini.

"Ulilala ukiendesha," Jerono alisema.

Mumewe alishika usukani kana kwamba bado wanakwenda. "Singh ana mdomo."

"Ilikuwa wapi?"

"Kabla ya Kamukuywa. Wakati wa kutayarisha shamba." Alisema bila kumtazama. "Sikusikia usingizi ukija. Nilisikia tu huyu mama anaongea, nikafungua macho, tairi ziko kwa nyasi na lori iko mbele. Nikavuta."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa umelala. Uliuliza, tumefika? Nikasema bado."

Jerono alikumbuka. Au alidhani anakumbuka. Safari zote zilikuwa zimeungana kichwani mwake zikawa safari moja. Hasira ilimpanda, kisha ikakosa pa kushika, ikashuka tena.

"Ungeniua, Kiplimo. Ungeniua na ungekufa, na watoto wangebaki na nani? Na wewe unanyamaza tu, unaniambia utampeleka kwa Singh?"

"Ningekuambia nini? Kwamba silali? Ungeacha kazi uje umgeuze mama. Najua wewe. Na ile kazi ndiyo inasomesha Kimaiyo."

"Ungeomba msaada."

"Kwa nani? Mimi ni kitinda mimba. Nyumba ya mama ni yangu, na mama ni wangu. Watu watasema nimeshindwa na mama yangu?"

"Umeshindwa," Jerono alisema, lakini kwa upole. "Hata mimi nimeshindwa. Nimekuwa nikiangalia mgongo wa Kogo kila wiki. Sijawahi kuangalia wako."

Kiplimo alijaribu kucheka, ikatoka pumzi tu. Lori la mbao likapita, gari likatikisika, na Mama Japani akasema maneno yake. Hakuna aliyelalamika. Baadaye Kiplimo akawasha gari, na Jerono hakufumba macho mpaka nyumbani. Alimsemesha njia nzima, habari za wodini, za mapacha, za bei ya sukari, lolote lililokuja mdomoni.

Siku ya pili, baada ya kanisa, Chepchumba alikuja kumwona mama yake. Huyu alikuwa dada yake Kiplimo, mwenye duka la nguo mjini Kitale, na kila Jumapili aliwasili na mkate na chupa za soda, akakaa kando ya kitanda akiwa na kitambaa machoni, kisha akaondoka kabla ya mvua. Jerono alimwogopa kidogo. Siku zote alimwita dada, na hakuwahi kumpinga neno.

"Dada," alisema akimimina chai, "kaka yako ana jambo."

Kiplimo alimtupia jicho. Jerono akaendelea kumimina. Ilibidi mwanamume aseme, na akalisema vibaya, maneno yakigongana: kwamba halali, kwamba gari liliacha barabara, kwamba anahitaji mtu wa kumshikia zamu.

Chepchumba aliweka kikombe chini. "Na duka nitaachia nani? Mimi nimeolewa, Kiplimo. Nina mji wangu. Si ndiyo maana ulipewa hili shamba?"

"Shamba haligeuzi mtu usiku," Jerono alisema.

Hakujua kwamba angelisema. Chepchumba alimtazama, na Jerono akasubiri tusi. Badala yake dada mtu akainuka, akaenda kitandani, akasimama karibu na mama yake. Kogo alimtazama kwa lile jicho lake zima.

"Nionyeshe," Chepchumba alisema. "Unamshika wapi?"

Jerono akamwonyesha. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine kwenye nyonga, mto katikati ya magoti. Chepchumba aliinua, akashindwa, akajaribu tena. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu wa kubeba marobota ya mitumba, lakini uzito wa mama yake ulimshinda kwa namna nyingine. Alilia, na safari hii hakutafuta kitambaa. Walikubaliana awe akilala pale kila Alhamisi, ili mwenye usukani apate usingizi kabla ya safari ya Bungoma.

Wiki iliyofuata Kiplimo akalipeleka gari kwa Joginder bila kusukumwa. Mzee akapiga magoti kwenye karakana, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akatoka na kasanduku kadogo keusi, kepesi kuliko Kiplimo alivyotarajia.

"Unataka?" akauliza.

"Kaa nayo," Kiplimo alisema.

Ingekuwa vyema kusema kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Chepchumba alikuja Alhamisi ya kwanza na ya pili, ya tatu akaleta ujumbe kwamba mtoto wake ana homa. Nyingine alikuja amechelewa na amenuna. Kogo hakupona, na mahindi yaliingiwa na viwavi. Jerono aliomba uhamisho aje hospitali ya Kitale, akaambiwa asubiri.

Ijumaa moja mwezi wa Julai, Kiplimo alimkuta mkewe akimngoja langoni Bungoma, viatu ameshavivua na kuvishika mkononi. Alikuwa na zamu mbili zilizofuatana. Alipanda, akafunga mlango, akangoja gari liondoke. Halikuondoka.

"Mama Kimaiyo," mumewe alisema. "Jana Chepchumba hakuja. Sijalala."

Katika miaka yote ya ndoa yao Jerono hakukumbuka kumsikia akisema neno hilo bila kuulizwa. Alimtazama. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Twende polepole," akasema. "Ukisikia inakuja, uniambie. Usione haya."

Walivuka Webuye na harufu yake ya kiwanda cha karatasi, wakaanza kupanda. Gari lilikuwa kimya. Mashimo yaligonga na hakuna aliyesema kitu zaidi ya vyuma. Walipokaribia Misikhu, Kiplimo alisema, "Imekuja."

Akaliingiza gari kando ya ua wa shule ya msingi, kwenye kivuli cha mikaratusi, akazima injini. Walishusha vioo kidogo. Jerono alivua sweta, akalikunja, akaliweka kati ya kichwa cha mumewe na mlango. Alikusudia kukesha ili amlinde. Hata hilo halikuwezekana.

Kilichomwamsha ni vidole vikigonga kioo. Mwanamume mwenye baiskeli iliyofungwa mitungi ya maziwa alikuwa ameinama akichungulia. Jua lilikuwa limeshuka kiasi, na watoto wa shule walikuwa wameshakwenda makwao.

"Mama, habari? Gali imehalibika?"

"Hapana."

"Mzee ni mgonjwa?"

Jerono alimgeukia Kiplimo. Mdomo wazi, mkono umeanguka kwenye gia, anakoroma taratibu.

"Si mgonjwa," akasema. "Tumechoka tu."

Yule mtu alimfikiria Kiplimo kidogo, akafikiria na gari. "Ah. Hiyo naelewa," akasema. "Lakini mvua iko njiani. Funga dilisha ya mzee."

Akasukuma baiskeli yake kurudi barabarani, mitungi ikigongana. Jerono alipitisha mkono kwa uangalifu juu ya kifua cha mumewe, akazungusha kile kishikio cha dirisha mpaka kioo kikafika juu. Kiplimo hakuamka. Matone ya kwanza yakaanza kupiga paa, mazito, moja moja. Nyumbani yule jirani anayemwangalia Kogo angesubiri. Angenung'unika, lakini angesubiri. Jerono akarudisha kiti chake nyuma, akafumba macho.