Jina la Mgonjwa wa Kitanda cha Tano

Siku ya mwisho ya ukaguzi, wodi ya wanawake ilinukia sabuni mpaka wagonjwa wakapiga chafya. Msimamizi wa wodi hiyo alikuwa na furaha iliyomkosesha hata hamu ya chai. Mwaka mzima alikuwa ameimba wimbo mmoja tu, hospitali ipate ithibati ya ubora, ithibati asubuhi, ithibati jioni, hadi wenzake wakambatiza Mama Ithibati, na wala hakukasirika. Hospitali ilikuwa imeshaanguka mara mbili kwenye mtihani wa kuipata. Ikianguka tena, kamati ya ubora aliyoiongoza ingevunjwa na mambo yangerudi kule kule kwa zamani.

Na ya zamani aliyajua, jamani, msimuulize mtu mwingine. Aliwahi kuzunguka jengo zima akitafuta mpira wa oksijeni huku mgonjwa anahangaika kitandani. Siku hizi kila kitu kina rafu yake, hata aliyeajiriwa jana anakiona. Zamani ukikosea ulificha, maana ukigundulika ulikula za uso mbele ya watu. Siku hizi kuna fomu, unaandika kilichotokea, mnakaa mnatafuta chanzo chake. Ungemuuliza faida ya ithibati, asingekutajia cheti hata kidogo. Angekwambia kwamba sasa akifika nyumbani analala usingizi.

Babu Faili hakutaka kusikia hayo. Huyu ndiye mzee wa masijala, mtunza mafaili ya wagonjwa tangu enzi hizo, na kwake ithibati ilikuwa kupaka kuta rangi na kujaza makaratasi, wageni wakiondoka kila mtu anarudia yake. Hata hivyo alipoambiwa ayapange upya mafaili yote, aliyapanga, akinung'unika kutwa nzima.

Sasa sikia vituko. Asubuhi hiyo hiyo mume wa Mama Ithibati alimleta mama yake mzazi, homa imepanda, kifua kimebana. Bibi akaandikishwa mapokezi, akavishwa utepe wa jina mkononi, akalazwa kitanda cha tano, daktari akamwandikia sindano. Mkaguzi, bwana mmoja mwembamba asiyecheka wala kununa, akasema angependa kumfuatilia mgonjwa mmoja aone anavyohudumiwa. Akapitisha macho wodini, kalamu yake ikatua kitanda cha tano.

Kanuni ilikuwa moja, na Mama Ithibati ndiye aliyeifundisha: kabla ya dawa, mgonjwa ataje mwenyewe majina yake na mwaka wa kuzaliwa, kisha muuguzi alinganishe na utepe. Awe nani, awe ndugu yako wa tumbo moja, utamuuliza. Lakini mama mkwe unamuulizaje jina? Tena mama mkwe huyu, aliyesema siku ya harusi kwamba mwanawe ameoa hospitali, na ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina. Alimwita mke wa mwanangu, basi.

Mama Ithibati akashika trei, sindano ikiwa tayari, akasogea. Akauliza kwa adabu zote, mama naomba unitajie majina yako kamili.

"Miaka kumi na minane unakula kwangu," bibi akasema, akihema. "Leo hunijui?"

Mkaguzi alisimama kando na kalamu yake. Ingekuwa rahisi kucheka kidogo, kusema huyu ni mama yangu, na kuchoma. Nani angemlaumu? Mama Ithibati akaiweka trei mezani, akainama mpaka uso wake ukawa usawa wa mto.

"Mimi nakujua, mama. Sindano ndiyo haikujui."

Bibi akamkagua kweli kweli. Halafu akataja majina matatu, moja moja, na mwaka wake. Mama Ithibati akasoma utepe, akausoma tena. Hakuna hata jina moja lililolingana.

Bibi akaeleza bila wasiwasi kwamba hilo jina moja la kwenye utepe ni la nyumbani, alipachikwa na marehemu mumewe, na mtaa mzima unamjua kwa hilo. La kweli ni alilopewa na babake. Mwanawe alitaja mapokezi lile alilozoea kulisikia, na faili jipya likafunguliwa.

Simu ikapigwa masijala litafutwe faili lake la zamani, la majina hayo ya kweli, tangu alipozalia hapo. Zamani faili la miaka hiyo lingetafutwa siku mbili na lisionekane. Safari hii hazikufika dakika kumi, Babu Faili akaingia mwenyewe, anatweta, faili kuukuu mkononi. Juu ya jalada palikuwa na alama nyekundu. Bibi alichomwa dawa ile ile zamani, alipojifungua kifungua mimba wake, akavimba koo na kupoteza fahamu. Hakuwahi kuambiwa jina la dawa. Ndiyo iliyokuwa kwenye trei.

Daktari akabadilisha dawa, akaichoma mwenyewe. Mganga mkuu, jasho likimtoka, akamvuta Mama Ithibati pembeni, akamnong'oneza kwamba fomu ya tukio ingeweza kungoja kesho, wageni wakishaondoka.

"Kesho itakuwa tumeficha," akamjibu, akaandika pale pale, mbele ya mkaguzi. Aliandika kwamba kosa lilianzia kwa mumewe na mapokezi hawakumuuliza mgonjwa mwenyewe. Aliona mwaka mzima wa kazi unakwenda na maji.

Saa tisa alasiri wakakusanywa ukumbini. Mkaguzi akasema amepita hospitali nyingi zisizo na kosa hata moja kwenye vitabu vyao, na hizo ndizo zinazomtia hofu. Akaagiza mapokezi warekebishwe haraka. Kisha akasema wamefaulu. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na aliyegonga meza kuliko wote alikuwa Babu Faili, faili la bibi bado liko kwapani.

Mama Ithibati alirudi wodini anakaribia kukimbia, dozi ya pili ya dawa mpya kwenye trei. Kabla hajafungua kinywa, bibi akanyoosha mkono wenye utepe mpya, akataja majina yake matatu na mwaka, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Halafu akaurudisha mkono kifuani.

"Na wewe je?"

"Mimi, mama?"

"Anayekuja kunichoma nataka nimjue. Jina lako hasa, siyo mke wa mwanangu."

Akayataja yote matatu, kama mgonjwa. Bibi akayarudia taratibu, kisha akalichukua lile la kwanza, akamwita nalo.

"Haya," akasema, akanyoosha mkono. "Nichome."