Mwanamume wa Jumamosi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi mwanamume mmoja hupiga hodi kwenye mlango wangu wa mbele, na kila Jumamosi namfungulia mwenyewe. Ni fundi wa friji, ana mvi juu ya masikio na begi la vifaa asiloachana nalo hata siku asiyokuwa na kazi. Huondoka Jumapili alasiri. Hapo katikati tunafanya wanayofanya watu wanaopendana, na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Nina miaka hamsini na miwili. Nilifiwa na mume wangu nikiwa na thelathini na tisa, nikakaa miaka kumi bila kuguswa na mwanamume yeyote isipokuwa daktari wa meno, na miaka yote hiyo mtaa ulinisifu. “Yule mama ametulia,” walisema, kana kwamba mimi ni maji ya mtungini.

Halafu friji yangu ikaharibika. Ikatengenezwa, ikaharibika tena, ikatengenezwa. Mara ya tatu niliiharibu mwenyewe: nilichomoa waya ukutani nikajitia hamnazo. Alipouona waya umelala sakafuni hakucheka wala hakuuliza. Aliuchomeka, akavuta kiti, akaomba chai. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Yeye mtaa haukuwa na neno naye. Walimtania tu, wakamwuliza mbona anazidi kunenepa. Neno walikuwa nalo kwangu, na hata mimi nilionyeshwa pa kutokea. Nyumba yangu ina mlango wa nyuma unaofungukia uchochoroni. Jirani yangu, mwanamke mwema tu, alinishika mkono siku moja akaniambia kwa upole, “Dada, hakuna anayekukataza. Mwambie basi apitie nyuma.” Nikamjibu kwamba mlango wa nyuma ni wa kutolea taka. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kichwa.

Msidhani najigamba bure. Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba hii, mwaka wa ishirini na tano sasa, na nimeshapima vifua na viuno vya nusu ya wanawake wa mji huu. Mwanamke akisimama mbele ya kioo amezungushiwa futi kamba, husema mambo ambayo hamwambii hata dada yake. Nimesikia wanavyotamani, wanavyochoka, wanavyojifanya wamelala. Nami pini zikiwa mdomoni siwezi kujibu, ndiyo maana wananiamini. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba mwanamke mwenye heshima hana hamu, namwacha aongee mpaka achoke.

Basi binti yangu akachumbiwa. Ni mwanangu wa pekee, anafanya kazi maabara ya hospitali, na mchumba wake ni kijana mpima ardhi, mpole, anayemcheka pale anapopaswa kuchekwa. Nilimkubali siku ya kwanza. Gauni nililianza mwenyewe, kwa kitambaa cha lesi nilichokihifadhi kabatini tangu binti akiwa shule ya msingi.

Jumanne, wiki tatu kabla ya harusi, walikuja wageni wawili: mama mzazi wa bwana harusi, na wifi yake, yaani shangazi wa bwana harusi. Huyu shangazi alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na hadi leo watu wote humwita Mwalimu, hata waliokuwa hawajazaliwa alipokuwa akishika fimbo. Alikaa bila kuegemea kiti. Akatoa karatasi mkobani, orodha ya watakaokaa meza kuu. Pembeni ya nafasi yangu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mjomba wa bibi harusi.

“Mjomba gani?” nikauliza. “Mimi sina kaka.”

“Yule fundi wako,” Mwalimu akasema. “Tumekaa, tukaona si vizuri kumwacha nje, ni mtu mzuri. Ila hatuwezi kumtaja alivyo. Akiwa mjomba atakaa mezani, atakula, atapiga picha, na hakuna atakayeuliza. Au mfunge ndoa kabla ya siku hiyo. Uchague.”

Nilimweleza kwamba nilishawahi kuwa mke, na nilikuwa mke mwema, na nimemaliza. Fundi ana nyumba yake, mimi nina yangu, na Jumatatu hadi Ijumaa nalala kitanda kizima peke yangu kwa raha zangu.

“Basi atakuwa mjomba.”

“Na kaka yenu mkubwa, mwenye watoto wanne kwa mama wanne? Si ndiye atakayetoa nasaha kwa maharusi? Yeye mmemwandika nani?”

“Mzee wa ukoo,” Mwalimu akajibu bila kupepesa macho. Mama wa bwana harusi alikohoa, akaangalia dirishani. Mwalimu akakunja karatasi yake mara nne. “Dada, nisikilize. Ukikataa, ukoo wetu hauji. Hatuwezi kuoa kwenye nyumba ambayo mama mtu anaingiza mwanamume mchana kweupe, maana huyo binti amejifunza wapi kama si hapa? Jumamosi tutafuata jibu.”

Walipoondoka damu ilikuwa inanichemka. Nikasema nifanye kazi, kazi itanipoza. Nikatandaza lesi mezani, nikaweka karatasi ya kipimo cha mkono, nikachora kwa chaki, nikakata. Mkono wa gauni una mbele na una nyuma. Ukishakata wa kwanza, unaigeuza karatasi ndipo ukate wa pili. Hilo hata mwanafunzi wa wiki mbili analijua. Mimi sikuigeuza. Nilikata huku nikimjibu Mwalimu kichwani, na majibu yalikuwa matamu kweli, mpaka nilipomaliza nikajikuta nina mikono miwili ya kushoto, na kitambaa kimekwisha.

Alhamisi jioni binti yangu akaja kujaribu gauni. Aliiona ile mikono mezani, akaigeuza huku na huku.

“Mama, hii yote ni ya kushoto.”

“Najua.”

“Wewe hujawahi kukosea hivi.”

Nikamweleza yote: orodha, wino mwekundu, mjomba. Nilitegemea apandwe na hasira kama mimi. Badala yake alianza kukunjakunja pindo la blauzi yake, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo amevunja kitu.

“Ulikuwa unajua,” nikasema.

“Ni mimi niliyewapa hilo wazo.” Hakunitazama. “Wao walitaka asionekane kabisa. Nikaona bora awe mjomba.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Kwa sababu kuna lingine. Shangazi aliniita mwezi uliopita, mimi na yeye tu. Akaniuliza kama nimeshawahi kulala na mwanamume. Nikasema sijawahi.”

Nilikaa chini. Siku binti huyu alipovunja ungo nilifunga kazi, nikakaa naye kitandani, nikamweleza kila kitu kwa jina lake. Alipokuwa chuoni akampenda kijana mmoja wa darasa lake, alikuja akaniambia, nami nikampeleka kliniki kwa miguu yangu, nikamshikia mkoba wakati yuko ndani na nesi. Sikumfundisha kudanganya. Lakini uongo wenyewe haukuniuma sana, kila mtu aliyebanwa kwenye kona husema la kumtoa. Kilichonikata maini ni kwamba alikuwa ananionea haya mimi, niliyemlea kusudi asijionee haya.

“Mwenzio anajua?”

“Anajua yote. Na mimi ya kwake nayajua, ila yeye hakuulizwa na mtu.” Akavuta pumzi. “Mama, ni siku moja tu. Wewe maisha yako umeshayaishi.”

“Sijamaliza,” nikamwambia. “Nikimwita mjomba siku hiyo moja, nitamwita mjomba mpaka mwisho. Akija kuona mjukuu, mjomba. Akiugua, nitakaa hospitali kama dada yake. Akifa, nitamzika kama kaka. Nakupenda kuliko macho yangu, na harusi yako ikivunjika nitalia kuliko wewe. Lakini hilo neno silisemi.”

Aliondoka bila kuaga, na gauni hakulijaribu. Nilibaki nimeshika mikono miwili ya kushoto, nikalia kweli, kwa kwikwi. Naogopa nini nisiseme? Niliogopa nimempoteza mwanangu kwa ajili ya ubishi wangu. Ijumaa nikaichukua ile mikono, nikaikata upya ikawa mifupi, juu ya kiwiko, kwa sababu lesi haikutosha zaidi ya hapo. Nilimpigia fundi simu nikamweleza. Akasema, “Ukitaka niwe mjomba nitakuwa mjomba. Ukitaka niwe shangazi, nitatafuta gauni.” Nilicheka nikiwa bado na machozi. Halafu akasema, “Lakini ningependa sana niwe wako.” Basi nikajua jibu langu halijabadilika.

Jumamosi saa tatu na nusu binti yangu akaingia. Alinisalimia, akakaa kwenye stuli karibu na cherehani. Sikumuuliza kitu. Dakika chache baadaye wakafika Mwalimu na wifi yake, wakakaa palepale walipokaa Jumanne. Nikafungua mdomo nitoe jibu langu, ndipo ikapigwa hodi. Nilipoinuka, binti yangu akaniwekea mkono begani.

“Kaa, mama. Nitamfungulia mimi.”

Alimfungulia. Fundi alikuwa amevaa shati lake la bluu lililopigwa pasi, na begi lake begani. Binti akamshika mkono, akamleta hadi mbele ya wageni, akasimama naye.

“Shangazi, mama, huyu si mjomba wangu. Ni mpenzi wa mama yangu. Nilikosea kuwapa lile wazo, na naomba mlifute.”

“Binti,” Mwalimu akasema polepole, “unajua unachokifanya?”

“Najua. Na uliniuliza swali nikakudanganya. Niliwahi kuwa na mwanamume kabla ya mwana wenu. Nilimpenda, tukaachana, na sijutii. Mwana wenu anajua tangu mwanzo. Niliogopa wewe usijue, na kwa woga huo nikamtoa mama yangu kafara badala yangu. Sasa mmejua. Mkitaka kutokuja, msije kwa sababu yangu, si kwa sababu yake.”

Hakuinamisha kichwa. Fundi alishusha begi lake chini taratibu, vifaa visilie. Mimi tangu Jumanne nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nina maneno makali tele yananingoja ulimini, na sasa hakuna hata moja nililolihitaji. Nilimtazama Mwalimu nikisubiri ainuke, achukue mkoba wake, aondoke na ukoo wake wote.

Hakuinuka. Kwa mara ya kwanza aliegemea kiti.

“Ungenyamaza tu, mwanangu,” akasema, na haikuwa tena sauti ya mwalimu mkuu. “Mbona sisi tulinyamaza.”

Mama wa bwana harusi akamgeukia. “Wifi?”

Mwalimu hakumtazama. Alikuwa anaangalia mikono yake mapajani. “Alikuwa mwalimu mwenzangu, shule ya kwanza niliyopangiwa. Kabla ya marehemu kunioa. Nilifika kwa mume wangu natetemeka. Miaka arobaini na moja, kila akikunja uso mezani nafikiri ameambiwa. Nimemzika juzi juzi tu hapa, na hata kaburini nilikuwa namwogopa.” Akatoa kitambaa mkobani, lakini hakukitumia. Machozi yakawa yanadondoka tu juu ya sketi yake iliyonyooka.

Aliyemjibu ni mama wa bwana harusi, ambaye tangu Jumanne sikuwa nimemsikia zaidi ya kikohozi. “Mimi nina mtoto mmoja wa kiume,” akasema. “Harusi iko palepale. Ukoo ukija, karibu. Usipokuja, nitakuja peke yangu, na nitakaa meza moja na nyie.” Kisha akanyoosha mkono akauweka juu ya goti la wifi yake, akauacha hapo.

Binti yangu alikuwa na kila haki ya kuondoka chumbani akiwa ameshinda. Mwanamke yule alikuwa amemwita pembeni, akamhoji kuhusu mwili wake kama anayekagua mzigo bandarini. Lakini nilimwona anachuchumaa mbele yake, anachukua kile kitambaa mkononi mwake, na kumfuta machozi shavu moja, halafu la pili, bila haraka. Mwalimu akamwachia, kama mtoto.

Fundi alikuwa amesogea karibu yangu. Nikamwambia, macho yangu kwa binti, kwa sauti, wote wasikie:

“Huyu nimemzaa mimi.”